Milimita Nne na Wiki Tatu

Wadogo zangu wa ateliye,

Mmeniomba niwaandikie jinsi kompyuta ya Linux ilivyoingia kwetu na jinsi nilivyojifunza kuchora nayo. Nimestaafu miezi miwili tu na mikono bado inawasha, kwa hiyo naandika sasa kabla sijazoea kulala mchana. Sitasema habari za vyeo. Cheo changu mnakijua, kiliandikwa mlangoni kwa chaki na mvua ikakifuta. Nitasema kazi. Na katikati ya kazi kuna kosa langu moja ambalo mmelisikia nusu, na nusu mliyosikia ndiyo inayonipendeza mimi. Leo mtasoma nusu nyingine.

Nilipoanza kazi hapa Kasongo, ateliye ya misheni, karakana hii yetu, ilikuwa na meza moja ya kuchorea, rula ndefu ya mti, chupa ya wino na karatasi za kalke, zile zinazoonyesha upande wa pili. Ukikosea mstari ulikwangua wino kwa wembe, polepole, ukiwa umeshikilia pumzi. Siku ya kwanza nilitoboa karatasi mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Mkuu wetu wa wakati ule aliinua ile karatasi juu ya mwanga, akachungulia kwenye matundu, akasema, "Dezire, tuliomba mulango, wewe umechora na madirisha." Watu walicheka wiki nzima. Lakini nilijifunza kufikiri kabla ya kuchora, kitu ambacho kompyuta haimlazimishi mtu.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa mchoraji. Alikuwa Mzee Ramazani, fundi wa kuyeyusha aluminiamu, wa zile familia za Waislamu za mjini ambazo hakuna anayekumbuka Kasongo bila wao. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya msikiti: tanuru ya udongo, mifuko miwili ya kupulizia, rundo la pistoni za magari yaliyokufa na masufuria yaliyotoboka. Alianza na masufuria, kisha puli za mashini za mchele, kisha chochote ulichomletea kimevunjika. Mimi nilileta mchoro, yeye alichonga mfano wa mti, akaukandamiza katika mchanga, akautoa, akamwaga metali mahali ulipokuwa.

Alinifundisha jambo ambalo shuleni nililisoma na sikulielewa. Metali ikipoa inanywea. Kwa hiyo mfano wa mti lazima uwe mkubwa kidogo kuliko kitu unachotaka, na ule ukubwa wa ziada yeye aliuita sehemu ya moto. Hakuupima. Aliangalia mti, akaangalia tanuru, akaacha unene wa ukucha hapa, nusu ukucha pale. Nilipoingiza kipimo chetu cha taya baada ya metali kupoa, haikupungua wala kuzidi kitu cha kusema. Niliona wivu, nakiri.

Alikuwa na desturi mbili ambazo hakuziacha kamwe. Kwanza, kabla ya kuchonga, alilalisha kipande cha zamani juu ya karatasi mpya aone kama vinaenda pamoja. Pili, kazi yake ikikataa, aliirudisha mwenyewe, akaitia motoni mbele ya mwenye nayo na kusema kwa sauti kwamba kosa ni lake. Mafundi wa uwanja ule wote walifanya hivyo. Baada ya maneno yale hakuna aliyeruhusiwa kumsema tena, na ndiyo maana watu walimwamini kwa miaka arobaini.

Kompyuta ilikuja kwa masera, mtawa aliyefundisha informatike, somo la kompyuta, kwenye shule ya wasichana. Misheni ilikuwa na mashini moja nzee iliyojaa virusi vilivyoletwa na kila funguo ya USB ya mji. Masera alifuta kila kitu akaweka Linux. Alisema haishikwi na virusi kirahisi. Nikamwuliza kama inashikwa na malaria. Hakucheka, alinionyesha jinsi ya kufungua lile dirisha jeusi ambamo unaandika amri, na akaniambia nisiiogope kwa sababu inafanya unachoiambia, hakuna zaidi. Ningepaswa kulisikiliza neno lile vizuri.

Nilijifunza FreeCAD, programu ya kuchorea, wakati wa mchana, jua likiwa kali, kwa maana betri zetu za panneau za jua zilikuwa zinakata roho jioni. Intaneti hatukuwa nayo. Masera aliniwekea vitabu vya msaada ndani ya mashini, nikavisoma kwa Kifaransa changu cha ateliye. Mwezi wa kwanza sikutoa kitu isipokuwa sanduku lenye tundu. Nililizungusha kwenye kioo huku na huku, nikawaita watu waje kuliona. Tourneur wetu, fundi wa kuchonga vyuma, alikuja, akaliangalia, akaniuliza litatumika wapi.

Hatukuwa na mashini ya kukata inayoongozwa na kompyuta, na mpaka leo hamna. Njia yetu mnaijua: unachora, unatoa karatasi kwenye printa kwa ukubwa wenyewe, unaibandika juu ya ubao kwa uji mzito wa muhogo, na fundi anafuata mstari kwa msumeno. Ninyi mnaiona ya kawaida. Mimi nilipoiona inafanya kazi mara ya kwanza nilitembea mji mzima nikitafuta mtu wa kumwambia.

Siku za mapumziko nilifanya kadi za elektroniki kwa raha yangu. Vipande nilivitoa katika redio zilizokufa na chaja za simu. Mke wangu aliniomba nihakikishe kwanza kama redio imekufa kweli, maana mbili zilikufa mikononi mwangu. Kadi niliyoipenda zaidi ilipima maji katika tanki: waya tatu zinaning'inia ndani, maji yakigusa ya juu, taa ya kijani inawaka chini kwenye pompe, na mlinzi anazima mota. Niliiweka Wamaza, kwenye kituo cha afya, na huko ndiko mambo yalikoharibika.

Kituo kile kiko juu ya kilima na maji yako chini, kwenye kijito. Pompe inayoendeshwa na mota ya mazuti inayasukuma kwa bomba mpaka kwenye tanki. Mchanga wa kijito ulikuwa umekula gurudumu la ndani, lile lenye mapanga linalozunguka na kurusha maji. Pompe ilizunguka vizuri, maji yakapanda, yakaishia njiani. Walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaokaa nao, karibu wote wamama, walirudi kubeba bidon za maji kichwani kwenye kile kilima. Mama Furaha, muuguzi mkuu ambaye wote tulimwita titulaire, alikuja Kasongo kwa pikipiki na lile gurudumu likiwa limefungwa katika kitenge chake.

"Dezire, kwangu kuko wamama wanazaa, na maji ya kunawa mukono haiko," alisema. "Unitengenezee hii. Usiniambie kesho."

Nililipima: milimita mia moja tisini na mbili. Kwa vipimo vya nyumba ya pompe, lile ganda linalofunika gurudumu, nilivyokuwa navyo tangu nilipoweka kadi, jipya lilikuwa mia mbili. Mchanga ulikuwa umekula milimita nne kila upande. Nikachora la mia mbili, nikarudisha midomo ya mapanga mahali pake, nikajisifu. Wiki ile ile nilikuwa nimeweka Linux upya kwa sababu diski ya zamani ilianza kulia. Nikatoa karatasi, nikaenda nayo kwa Mzee Ramazani.

Alilalisha gurudumu la zamani juu ya karatasi, kama desturi yake. Akalizungusha taratibu. "Inaenda pamoja, mustari kwa mustari," alisema. Kisha akaniangalia. "Hii karatasi iko na ukubwa yenyewe?"

"Mzee, mashini haikosake," nilimjibu.

Someni hapo tena. Gurudumu lililoliwa na mchanga lilikuwa linalingana na mchoro wa gurudumu jipya. Halikupaswa kulingana. Lilipaswa kubaki ndani ya mstari, na ukingo mweupe wa milimita nne kuzunguka kote. Mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo, maana mimi ndiye niliyeziongeza zile milimita. Niliona vinaenda pamoja, nikafurahi.

Mzee alichonga, akaacha sehemu ya moto, akamwaga. Tourneur alitoboa tundu la katikati. Hatukupima upana wa nje, kwa nini tupime, lililala juu ya la zamani vizuri. Tukaenda Wamaza, mimi na Mzee, pikipiki mbili, matope mpaka magotini. Tukafunga pompe. Mota ikawaka, wamama wakapiga vigelegele, na taa yangu ya kijani ikakataa kuwaka. Nilipoteza nusu siku nzima nikikwangua waya za kadi yangu, nikiwaambia watu tanki limejaa ila kadi imelala. Mama Furaha hakubishana. Alipanda ngazi, akaingiza mkono ndani ya tanki, akautoa mkavu, akatuonyesha wote kutoka kule juu.

Tukafungua pompe. Kati ya gurudumu na nyumba yake njiti mbili za kiberiti zingepita pamoja. Nikatoa kipimo changu, nikasoma mbele ya watu wote: "Mia moja tisini na mbili. Mchoro unasema mia mbili." Sikumtaja mtu. Hakukuwa na haja ya kumtaja, kila mtu alijua nani hushughulika na moto.

Mzee Ramazani alichukua gurudumu, akaligeuza. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wake wote. Kisha akasema, "Watu wa Wamaza, mimi ndiye nimekosa. Moto imekula kupita vile nilifikiri. Macho yangu imezeeka." Tuliporudi Kasongo alimwomba mlinzi wa pompe, aliyetufuata kwa niaba ya Mama Furaha, asimame karibu na tanuru, akalitia lile gurudumu motoni. Tulilitazama likilegea na kuzama. Tulingoja aseme siku ya kumwaga jingine. Hakusema. Aligawa mifuko yake ya kupulizia kwa mafundi wawili wa jirani, akaenda Lusangi kulima muhogo katika shamba la ukoo wa mke wake. Hakuna fundi mwingine wa mji aliyetaka kugusa kazi iliyomshinda Ramazani. Huko Wamaza waliendelea kubeba.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nilikuwa nafanya kadi nyingine, nimechora njia zake kwa KiCad, programu ya kuchorea kadi, nimetoa karatasi na kuihamishia juu ya bamba la shaba kwa pasi ya mke wangu. Kidude cheusi nilichotaka kukiweka kilikuwa na miguu arobaini, ishirini kila upande. Mguu wa kwanza uliingia katika tundu lake. Wa tano ukaingia kwa kusukumwa. Wa ishirini ulikuwa nje kabisa. Nilifikiri kidude ni cha uongo. Nikachora mstari wa milimita mia moja, nikautoa kwenye karatasi, nikauwekea rula ya chuma. Ulikuwa tisini na sita.

Nilifungua dirisha la kutolea karatasi. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kidogo chenye alama: *ajuster à la page*. Maana yake, ukurasa mzima ufinywe, hata wenye mchoro mdogo, upate kuingia ndani ya ukingo ambao printa haiufikii. Nilipoweka Linux upya nilipita pale bila kusoma. Mashini ilikuwa imefanya nilichoiambia. Nikapiga hesabu kwa kalamu ingawa kichwani nilishaijua: mia mbili ikifinywa nne kwa kila mia inatoa mia moja tisini na mbili. Mzee Ramazani alikuwa amemwaga kile hasa kilichokuwa kwenye karatasi yangu, bila kukosea hata nusu ukucha.

Hapa ndipo nusu mliyosikia inapoishia. Mmesikia kwamba Papa Dezire aligundua kosa la kisanduku, na tangu siku ile kila mchoro wa ateliye una mstari wa milimita mia pembeni, unaupima kwa rula ya chuma kabla ya kubandika. Ni kweli, na msiuache. Ambacho hamkusikia ni kwamba baada ya kugundua nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu.

Sitawadanganya kwa kusema nilikuwa na kazi nyingi. Niliona haya. Nilikuwa nimeanza kuwafundisha wakubwa wenu kompyuta, na kila asubuhi niliwaambia ni mashini isiyokosea. Gurudumu lilikuwa limeyeyuka. Ule ubao wenye karatasi ulikuwa umeshapikia maharagwe ya mtu. Hakukuwa na ushahidi duniani isipokuwa mimi. Nilijiambia Mzee alikuwa na umri wa kupumzika hata hivyo. Nilijiambia hivyo asubuhi na jioni, na chakula hakikunishuka. Mwishowe mke wangu akaniuliza ni nani amekufa.

Nilikwenda Lusangi na karatasi mbili, iliyofinywa na ya kweli. Nilimkuta shambani anang'oa muhogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Alichukua zile karatasi, akalalisha moja juu ya nyingine, akazielekeza kwenye jua. Ukingo mweupe ulionekana kuzunguka kote.

"Miaka arobaini," alisema, "moto haikukula vile hata siku moja. Nilisema basi, ni macho. Nilikuja huku nangoja giza." Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Kumbe macho iko."

"Iko, Mzee. Unisamehe."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Wiki tatu zimepita," nilisema.

Alizikunja zile karatasi vizuri, akazitia mfukoni mwa shati. Nilimwona amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kosa ya karatasi nakusamehe, hata mimi nililalisha na sikuona. Lakini ile wiki tatu haiko yangu. Mimi nilikuwa nalima tu. Uende uulize wenye walikuwa wanabeba maji."

Alirudi Kasongo nami siku ile ile, mifuko ya muhogo nyuma ya pikipiki. Alichukua tena vitu vyake kwa majirani, akachonga, akamwaga. Nilipima kabla ya karatasi, baada ya karatasi, baada ya mti na baada ya moto, mpaka tourneur akasema nitalichakaza kwa kulipima. Mia mbili. Kisha tukaenda Wamaza, maana Mzee alikuwa amesema kosa mbele ya watu wale, na neno la namna ile linarudishwa pale liliposemwa.

Walikusanyika uwanjani mwa kituo, wamama wa bidon, wauguzi, mlinzi wa pompe. Nilisema. Nilisema kisanduku, nilisema karatasi, nilisema kwamba Mzee Ramazani hakukosa kitu. Kisha nikasema wiki tatu, na nilipozisema nilitazama viatu vyangu.

Mama Furaha hakunitukana. Alisema, "Katika ile wiki tatu yako nilizalisha wamama kumi na mbili. Maji ya wote ilipanda hapa kwa kichwa." Akaingia stoo, akatoka na bidon ya lita ishirini, ya njano, akaiweka mbele ya miguu yangu. Nilimtazama Mzee Ramazani anisaidie kusema kwamba mimi ndiye wa kufunga pompe.

"Pompe tutafunga na mulinzi," alisema. "Wewe titulaire amekupatia kazi."

Nilishuka. Nilijaza, nikaweka begani kwa sababu kichwani sikuweza, wamama wakacheka, nami sikuwalaumu. Kilima kile nilikuwa nimekipima zaidi ya mara moja kwa kamba na rula, nilijua urefu wake kwa mita, na nilikuwa sijakijua. Mara ya kwanza nilipumzika mara nne. Mara ya pili mama mmoja mwenye mimba ya kwanza alinipita akishuka, akasema, "Pole, papa," na ile pole ilinichoma kuliko maneno yote ya siku ile. Mara ya sita shati lilikuwa limeshikamana na mgongo.

Ya saba nilikuwa katikati ya kilima niliposikia mota inawaka chini. Nilisimama. Bomba linapita kando ya njia, juu ya ardhi, nikaweka mkono juu yake. Lilikuwa na joto la jua. Kisha likaanza kutikisika, kisha likawa baridi chini ya kiganja changu, na nikasikia maji yananipita, yanapanda, hayasimami. Juu wamama walianza kupiga kelele.

Niliiangalia bidon. Ningeweza kuimwaga pale pale, tanki lilikuwa linajaa. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni pa kituo, mikono kiunoni, ananitazama mimi wala si tanki. Nikaiinua tena begani, nikaipandisha.